Viini Vinane vya Yai la Mwani

Wiki iliyopita Rukia, binti wa jirani yangu, alikuja kunisalimu akiwa ameficha mikono ndani ya buibui. Anajifunza kazi ya maabara hospitalini, na alikuwa amekuja likizo. Nilipomuuliza mikono ina nini, akaitoa kwa haya. Vidole vyote kumi vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye mizizi ya kucha. Alidhani nitamwonea huruma. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Bi. Mwanaesha, mbona wanicheka?"

"Sikucheki weye, mwanangu. Nimekumbuka vidole vyangu. Mama yako hajazaliwa bado, mimi nilikwenda harusini Faza na mikono myeusi hadi vifundoni, wanawake wakaniuliza nimepaka piko la nti gani."

Akaniuliza nilikuwa natia rangi nini. Nikamwambia mayai ya mwani. Akatazama chini ili asicheke, nikajua anadhani uzee umeshanichezea. Basi, Rukia, pamoja na wenzako wote mnaoinamia hadubini kutwa, haya nawaandikia nyinyi. Nayaandika kwa harufi za Kiarabu, ndizo nilizofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Atakayeyanakili kwa harufi zenu asinipunguzie neno.

Mwani una mayai. Nami nilishangaa hivyo hivyo siku ya kwanza, nimesimama juu ya mwamba wa Kizingitini, maji yananifika magotini, pembeni mwa mwanamke wa Kizungu aliyejifunga sketi kwa kamba. Jina lake Mina. Alitoka nchi ambako, alisema, bahari huganda ukingoni wakati wa baridi, na Kiswahili alijifunza Unguja. Alishuka bandarini Mtangawanda na makasha yaliyonuka dawa hata punda wakakataa kuyabeba. Wengine walisema ni daktari, wengine anatafuta lulu. Ilipojulikana kwamba anachotafuta ni mwani, watu wakaacha kumwogopa, wakamwita Bi. Mwani, naye akaitika.

Alitaka mwanamke wa kumwongoza mwambani siku za bamvua, maji yanapotoka mbali. Mimi nilikuwa na miaka thelathini, mjane, sina mtoto, nakaa na mama yangu, na mwamba ule niliujua kwa nyayo kwa kutafuta pweza na kombe tangu utotoni.

Siku ile alichuma tawi la mwani wa hudhurungi, ule wenye vifuko vya hewa kama shanga, ambao sisi tulizoea kuupiga teke ukitushika miguu. Kwenye kwapa la kila jani pana vijiti vidogo vilivyojaa chunusi. Alikata kijiti kimoja kwa wembe, kipande chembamba hata mwanga ukapita, akakiweka chini ya hadubini yake ya shaba barazani, akanivuta bega.

"Tazama, Mwanaesha."

Kila chunusi ilikuwa chumba. Chumba cha mviringo chenye mlango mmoja mdogo, na ukutani mayai yamekaa kwa utulivu, makubwa, ya rangi ya asali. Nilitoa jicho nikautazama mguu wangu, kisha nikarudisha jicho. Miaka yote ile nilikuwa napita juu ya majumba ya wenyewe bila hata kupiga hodi.

Sasa nitawaambia kazi yenyewe, maana nyinyi mnaletewa dawa ndani ya chupa zenye maandishi na mnaona mambo ni rahisi.

Yai la mwani likiwa hai halikuonyeshi kitu. Ni kama kutazama ndani ya uji. Bi. Mina alitaka kuona kiini, ile sehemu ya katikati ambayo, alisema, ndimo mna amri zote za kiumbe. Ili ukione, lazima kwanza yai lisimamishwe pale pale lilipo, ghafla, kabla halijajikunja wala kuoza. Tulikuwa tukilitia kwenye dawa kali papo hapo mwambani, hatungoji kufika nyumbani. Dawa ile ikipaa puani unalia machozi kama mtu aliyefiwa. Mara ya kwanza niliifungua chupa nikiwa nimeielekezea uso, nikakaa siku mbili sioni vizuri. Ikifunguliwa, simama upepo ukupige mgongoni. Hilo lishikeni.

Baada ya hapo yai linanyweshwa spiriti kidogo kidogo, kisha linazamishwa kwenye nta, nta ikaganda, ukalikata kwa mashine vipande vyembamba mfululizo kama mkate wa boflo. Yai moja hutoa vipande kumi na zaidi, na vyote hupangwa kwenye kioo kwa utaratibu wake. Ulaya, alisema, mtu hukata nta saa yoyote. Kizingitini jua likishapanda nta inalegea, kipande kinajikunja kama ukili wa mkeka uliolowa. Tulikuwa tunakata baada tu ya sala ya alfajiri, wembe umezungushiwa kitambaa cha maji, na jua likigusa kizingiti cha mlango tunaacha, hata kama yai limefika nusu.

Na sisimizi! Vipande tulivigandisha kwenye kioo kwa ute wa yai la kuku. Asubuhi moja Bi. Mina aliniita kwa sauti ya kilio. Msafara wa sisimizi ulikuwa umepita juu ya vioo vyetu, ukala ute wa kuku na kuyabeba mayai ya mwani kama zawadi. Toka siku hiyo miguu ya meza ilisimama ndani ya vikombe vya mafuta.

Rangi ndiyo iliyonipandisha kutoka mwongozaji wa mwambani nikawa mtu wa kazi. Mama yangu, Mwana Hadia, mzaliwa wa Amu mjini, alikuwa fundi wa kutia rangi ukili wa mikeka, na mimi nilikulia kwenye sufuria zake. Siku moja Bi. Mina alikuwa anapima chembe za dawa moja nyeupe, nikaonja kwa ncha ya ulimi kabla hajanizuia.

"Hii ni shabu," nikamwambia. "Sisi twaitia ukilini ili rangi ishike."

Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Akanieleza kwamba na yeye ana shabu yake, iliyochanganywa na chuma, na rangi yake hutoka kwenye moyo wa mti wa ng'ambo. Shabu ya chuma kwanza, kisha rangi, kila kitu kinageuka cheusi kama mkaa. Halafu unarudisha kioo kwenye shabu ya chuma, na hapo rangi inaanza kujitoa. Inatoka ukutani kwanza, kisha kwenye ute, na mwisho kabisa kwenye kiini. Lazima uikamate katikati. Ukiwahi, kote kweusi. Ukichelewa, kote kweupe. Nikamwambia mama hutengeneza ukili mweusi kwa maganda ya mkoko na tope la pwani, na hutoa na kutumbukiza hivyo hivyo mpaka jicho limwambie basi. Bi. Mina akanipa kioo na koleo ndogo, akakaa pembeni. Kioo cha tatu nilikikamata. Kutoka siku hiyo rangi ikawa yangu.

Nawaambia haya mjue nilikuwa najivuna. Maana sasa nafika kwenye kosa langu.

Bi. Mina alikuwa na sharti moja tu katika rangi: maji ya mvua, basi. Maji ya mvua kwetu yalihifadhiwa kwenye jabia, birika kubwa la chokaa, na jabia lililokuwa na maji lilikuwa mbali, kupita mashamba. Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba. Miezi ya ukame jabia likishuka, wanawake walinitazama vibaya nikijaza mtungi. "Watu wanywa nini, na weye wayapelekea majani?" Niliona haya. Siku moja nilikuwa na homa, nikachota kisimani. Nilikoroga rangi, nikaona imekubali, kioo kimekubali. Nikajisemea, maji ni maji. Kesho yake nikachota kisimani tena. Baada ya hapo sikwenda jabia kwa muda wa miezi minne.

Bi. Mina alikuwa na jambo analolitafuta. Viumbe wote aliowajua, yai moja lina kiini kimoja. Lakini katika mwani wetu, yai likishatoka chumbani na kung'ang'ania nje ya mlango, aliona viini vinane. Vinane ndani ya yai moja! Na katika mayai yaliyokua zaidi, alikuta kimoja tu. Alimwandikia mwalimu wake Ulaya, mzee aliyemfundisha kazi hiyo, akampelekea na baadhi ya vioo. Kisha tukaendelea kuhesabu, na hesabu ikaanza kukataa. Yai hili nane, lile kumi na moja, lile kumi na tatu, jingine halihesabiki. Alikuwa anatoka hadubinini macho mekundu.

Jibu la mwalimu lilipokuja alilisoma amesimama, akaliweka mezani, akanisomea kwa Kiswahili maneno machache: kwamba anachokiona si viini, ni uchafu wa rangi, na kwamba mtafiti mwenye subira angeliona hilo mapema.

"Labda ni kweli," akasema. "Labda nilitaka sana kuona."

Nilikuwa fundi wa rangi. Ndani yangu nilijua. Nikainama nikafuta meza ambayo haikuwa na kitu.

Siku mbili baadaye mama alikuja kuniletea chakula. Hakuipenda kazi ile. Kila mara aliniuliza kama inafaa mtu kuchungulia mayai ambayo Mola ameyafungia mlango, na mimi nilimjibu kwamba aliyetuumba ndiye aliyetupa mato ya kuonea. Siku ile alisimama juu ya bakuli la rangi, akainama, akaona utando mwembamba umeelea juu unang'aa. Akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba.

"Mwanaesha. Mai haya ni ya kisima."

Nikavuta bakuli upande wangu.

"Rangi yapiga chembe. Ukili wangu hungeutia humu. N'takufunda mara ngapi?"

Bi. Mina aligeuka kwenye kiti. Maneno ya Kiamu yalimpita, hasa mama akiyasema haraka. "Mama anasema nini?"

Na mimi, Mwanaesha binti wa Mwana Hadia, nikasema, "Anasema rangi ni nzuri."

Mama Kiswahili cha Unguja alikijua vizuri sana. Alinitazama. Alifunika chakula kwa kawa, akajitanda, akatoka. Afadhali angenipiga kofi.

Asubuhi iliyofuata Bi. Mina alinipa barua, amekwisha kuitia lakiri, niipeleke Mtangawanda kwenye mashua iendayo Amu. Alikuwa mtulivu kama mtu aliyekwisha kulia.

"Nimemwandikia kwamba nilikosea. Mwisho wa mwezi nafunga makasha."

Nilipanda punda nikashika ndia. Jua lilikuwa halijawa kali bado. Nilijiambia: mambo yake haya, si yangu. Nilijiambia: akiondoka, nani atajua? Kisha nikaanza kuyaona yale mayai. Nilikuwa nimeyatazama mengi kuliko mtu yeyote wa visiwa hivi. Viini vinane vile vya vioo vya kwanza havikuwa uchafu. Vilikuwa vya mviringo, kila kimoja na kitone ndani yake, vimekaa kwa nafasi sawa kama watu wenye adabu. Mwenyezi Mungu aliviweka pale, mtu mmoja akaviona, na sasa anatia saini kwamba havipo, kwa sababu mimi niliona uzito wa mtungi.

Nilipofika karibu na Siyu nilimgeuza punda. Alidhani nimekosea, akakataa kutembea. Ilibidi nishuke nimvute.

Bi. Mina alikuwa anafunga vitabu kwa kamba nilipoingia.

"Mashua ilikuwa imeondoka?"

"Sijui, Bibi. Sikufika." Niliweka barua mezani. "Mama hakusema rangi ni nzuri. Alisema maji ni ya kisima. Ni kweli. Ni miezi minne. Zile chembe ni za maji. Viini ni vinane, Bibi. Mimi ndimi niliyeongeza hivyo vingine."

Aliketi. Niliposikia pumzi yake inabadilika nikajua ni hasira, na nikaona ni haki yake.

"Miezi minne," akasema. "Miezi minne nimeacha kuyaamini macho yangu. Unajua maana yake?"

"Najua."

"Hujui."

"Sijui, Bibi. Nitaondoka. Nitakuletea mtu mwingine wa kukuchotea maji."

Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. "Vioo vya kwanza, nilivyompelekea mwalimu, vilikuwa maji gani?"

"Ya jabia. Wallahi, ya jabia. Lakini shabu sikuisuuza ikatoka yote. Niliyabania maji. Mama husema ukili usiposuuzwa rangi huendelea kujitoa yenyewe. Vilipofika huko huenda vimeshapauka, ameona vivuli tu."

Hapo akakaa tena, na safari hii akashika kichwa kwa mikono miwili, na mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyeumia. Kilipomtoka chote akasema, "Kamwite mama yako."

Mama alikuja amevaa kama aendaye kuhukumu. Sikuficha kitu, nilimtafsiria Bi. Mina kila neno la mama, hata yale yaliyonichoma. Bi. Mina alimwuliza angefanya nini. Mama akaagiza: bakuli zote zichemshwe. Maji ya jabia yachujwe kwa kitambaa mara mbili, yalale, yachotwe ya juu tu. Kusuuza, maji yabadilishwe mpaka yatoke kama yalivyoingia. Na mchotaji awe mimi, kwa miguu, bila punda. Kuhusu wale wanawake wa jabia alisema atawaambia mwenyewe, na sijui aliwaambia nini, lakini hawakunisemesha tena.

Likabaki jambo moja. Mwani wa Kizingitini ulikuwa umemaliza mayai yake. Vijiti vimekauka, vyumba vitupu. Bi. Mina alihesabu siku za mwezi: bamvua moja tu ilibaki kabla ya safari yake. Nikakumbuka kwamba upande wa Kiwayu, mwambani panapopigwa na maji ya nje, mwani huchelewa. Tulikwenda kwa mashua, sisi wawili, na chupa zetu ndani ya kikapu cha makumbi.

Siku mbili hatukupata kitu. Siku ya tatu, maji yakiwa yametoka kabisa, niliinua tawi moja nikaona vijiti vimevaa vitone vyeupeupe kama umande, kila kitone ni yai limeng'ang'ania mlangoni kwa ute wake. Nilipiga kelele ambayo sikuipiga hata siku ya ndoa yangu. Tulifanya kazi tumepiga magoti kwenye miamba, yeye akikata, mimi nikizamisha, machozi ya dawa yakitutoka, mpaka maji yakaanza kuturudia na kikapu kikataka kuelea. Magoti yangu yana alama mpaka leo.

Sitawachosha na spiriti na nta. Nitawaambia siku ya kutoa rangi. Mama alikuja, akakaa kwenye mkeka kando ya bakuli la kusuuzia, mikono mapajani. Mimi nilikuwa na koleo. Kioo kilikuwa cheusi tii. Nilikitia kwenye shabu ya chuma, nikakitoa, nikatazama, nikakirudisha. Ukuta ukafifia. Ute ukawa kijivu, kisha kama moshi, kisha kama hakuna. Ndani ya ule weupe vikabaki vitone.

"Basi," akasema mama, ambaye hakuwa anatazama hadubinini, alikuwa anatazama uso wangu. Nikakitia majini. Tukasuuza, tukamwaga, tukasuuza, tukamwaga, mpaka mtungi mzima wa jabia ukaisha.

Bi. Mina hakukubali kutazama pamoja nami. "Mtu akijua anachotaka kukiona, atakiona," alisema. "Hesabu peke yako, andika, ukunje karatasi. Mimi nitafanya hivyo hivyo. Tusisemezane."

Nilihesabu kipande kwa kipande, nikichunga nisihesabu kiini kimoja mara mbili kwa kukikuta kimekatwa nusu huku na nusu kule. Nikarudia. Nikarudia tena. Nikaandika, nikakunja. Yeye alikaa muda mrefu kuliko mimi. Alipomaliza alifungua karatasi yake akaiweka wazi mezani, kisha akafungua yangu. Rangi ya uso ikamtoka.

"Saba," akasema.

"Saba ipi?"

"Umeandika saba."

Nilitazama. Tarakimu za Kiarabu alizijua kutoka sokoni Unguja: ٧ ni saba, ٨ ni nane. Lakini karatasi alikuwa ameishika juu chini. Niliichukua mkononi mwake, nikaigeuza, nikairudisha.

Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili yenye harufu ya spiriti, akanibusu kwenye paji la uso. Kisha tukatoa vioo vingine, na siku ile yote ikawa ٨ na 8, ٨ na 8. Bahari yote ile, kila jiwe lenye mwani, kila kijiti chenye mayai, na ndani ya kila yai ambalo halijapata hata ukubwa wa chembe ya mchanga, Mola ameweka vinane, hakusahau hata kimoja. Nani aliyemwomba ahesabu?

Mwalimu wake alijibu nini safari hiyo, sikujua. Aliondoka na makasha yake, na haukupita muda ile vita kubwa ya kwanza ikaanza, na barua kutoka kwao zikakatika. Nimeuliza kwa miaka. Hakuna aliyeniambia kitu.

Lakini nimeruka. Siku ile bado haijaisha.

Alasiri, tulipokuwa tumechoka, mama akasema kutoka mkekani, "Na mimi?"

Bi. Mina akampisha kitini, akavuta kingine. Mama akajitengeneza mtandio, akafumba jicho moja kwa mkono, akainama. Nilimwelekeza namna ya kuzungusha ili aone sawa. Alitazama kwa muda mrefu hata nikadhani anaona giza na anaona haya kusema. Midomo yake ilikuwa inakwenda, nikajua anamsabihi Mola.

Kisha akasema, bado ameinama, "Hiki kimoya kina mgeni."

"Kipi, Mama?"

"Cha pembeni. Pana kitu kidogo cheusi kimeegemea ubavuni mwake. Hivyo vingine vi peke yao. Hiki kina mgeni, na chamfungulia mlango. Ukuta wake umeingia ndani pale alipoegemea."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bi. Mina alisimama ghafla hata kiti chake kikaanguka. Alipiga magoti kando ya mama, akamsihi amwachie kidogo tu; mama akampisha, naye akatazama. Mkono wake ukatafuta wangu ukaushika. Miaka miwili alikuwa akitafuta saa ile: mbegu ya kiume imeingia ndani ya yai, katika vile vinane imekichagua kimoja, na vile saba vitakwenda zao. Dakika moja kabla, hakuna kitu. Dakika moja baadaye, pameshafungwa. Sisi tulilisimamisha yai lile mwambani Kiwayu katikati kabisa ya jambo.

"Muulize," nilimwambia mama, nikicheka na kulia, "muulize vile saba vyaenda wapi."

Mama akauliza. Bi. Mina akainua uso uliolowa. "Sijui," akasema. "Kweli sijui. Hakuna anayejua."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu analoliheshimu. Hakuuliza tena kama kazi ile inafaa. Alimgusa Bi. Mina bega, akamsogeza taratibu hadi dirishani niliposimama, akarudi kitini pake na kuinama tena juu ya kioo.

"Ondokani hapo dirishani," akatuambia. "Mwanizuilia mwanga."